Acheni kutukana mikoa ya watu kwa jedwali la ajali msilojua kulisoma

Wakuu, hili jambo sasa limezidi. Kila takwimu za polisi za ajali za mikoa zikitoka, haipiti saa moja mtu ameshakata kipande cha jedwali, kazungushia duara jekundu mkoa wenye namba kubwa na kuandika: "Ndiyo maana wanapiga kura vile, hata kuendesha hawajui." Wa upande wa pili naye anatafuta mkoa wenye namba ndogo ambao ni ngome ya chama chake, anaandika "nidhamu". Kisha watu 300 wanatukanana makabila mpaka usiku.

Jedwali lile linahesabu mahali mtu alipofia. Halisemi dereva ni mwenyeji wa wapi, halisemi gari lilitoka wapi, na kura hazimo humo kabisa. Namba zetu za magari zenyewe, T na tarakimu tatu na herufi tatu, hazina alama ya mkoa. Gari linasajiliwa Dar, linafia Geita. Kwa hiyo hata huyo anayejifanya mjanja akagawa ajali kwa "magari ya mkoa" anagawa kwa hewa.

Tuanze na hesabu ya darasa la saba, maana ndiyo inayowashinda wengi. Chukua vifo 100, namba ya mfano tu, uviweke Dar es Salaam na uviweke Njombe. Sensa ya 2022 inasema Dar ina watu 5,383,728 na Njombe 889,946. Gawa, zidisha kwa 100,000. Dar unapata 1.9, Njombe 11.2. Namba ileile, hatari karibu mara sita. Halafu basi moja likipinduka Njombe likaua 20, kiwango cha mkoa mzima kinapanda kwa 2.2 kwa siku moja, wakati Dar basi hilohilo lingesogeza 0.4. Ndiyo maana mkoa mdogo hausomwi kwa mwaka mmoja. Jumlisha miaka mitatu, ikiwezekana mitano. Vifo 30 mwaka jana na 40 mwaka huu inaweza kuwa bahati mbaya tupu, lakini nyie mmeshamwita RC, mkuu wa mkoa, mzembe.

Pili, mkoa wa kipolisi siyo mkoa wa ramani mnayoijua. Dar ina mikoa mitatu ya kipolisi: Kinondoni, Ilala na Temeke. Tarime/Rorya inahesabiwa mbali na Mara, Rufiji mbali na Pwani. Sasa mtu anachukua ajali za Kinondoni ya polisi, anagawa kwa watu 982,328 wa wilaya ya Kinondoni, anashangaa kiwango kimepaa. Ndugu, Kinondoni ya polisi imeimeza Ubungo, yenye watu 1,086,912. Umegawa kwa nusu ya watu, kiwango kikatoka mara mbili, halafu unawaambia watu wa Kinondoni hawana adabu.

Na mtego mtamu kuliko yote ni wa Mbeya. Uchaguzi ulikuwa Oktoba 2015. Januari 2016 ukaundwa mkoa wa Songwe, ukaondoka na Tunduma, Vwawa na mlima Senjele wote. Ukiweka Mbeya ya 2015 kando ya Mbeya ya 2016 bila kujua hilo, utaona "mabadiliko" na utampa sifa mwanasiasa unayempenda. Mkoa umekatwa, madereva ni walewale.

Safu ya "idadi ya ajali" mngeiacha kabisa. Mjini ukigongwa taa ya nyuma na una bima kubwa, unamwita trafiki apime, kwa sababu bila ripoti ya polisi kampuni ya bima haikulipi. Ajali imeingia kitabuni. Kijijini boda amejigonga kwenye mkorosho, kavunjika mguu, kapakiwa kwenye pikipiki nyingine mpaka zahanati, hakuna PF3 (fomu ya polisi ya matibabu), hakuna askari, hakuna ajali. Kwenye karatasi mjini kunaonekana ni machinjioni na kijijini ni peponi. Safu ya vifo ina unafuu kwa sababu maiti ni ngumu kuificha, lakini nayo inavuja. Mtu anayefia wodini siku ya 12, tena katika hospitali ya mkoa mwingine alikopelekwa kwa rufaa, ni rahisi sana asirudi kwenye jalada la kituo kilichopima ajali. Ukubwa wa pengo? Kwa mwaka 2016 polisi walihesabu vifo 3,256 nchi nzima. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2018, likakadiria 16,252 kwa mwaka huohuo. Hata ukitilia shaka makadirio yao, pengo la mara tano halikuachii nafasi ya kupanga mikoa kwa tofauti ya vifo kumi na kuita hiyo tabia ya watu.

Sasa Mbeya yenyewe, maana ndiyo inayotukanwa kuliko wote, na ndiyo inayoonyesha vizuri kinachoua.

Barabara ya TANZAM, ile ya Dar kwenda Zambia, inapita katikati ya jiji na miteremko yake. Lori la ekseli saba likiwa na mzigo halali ni tani 56. Dereva akishuka na gia kubwa, au akaitoa kabisa ili abane dizeli, injini haishiki chochote na kazi yote inaangukia breki. Shuu, vile vipande vya breki vinavyobana, zinasugua drumu, lile bakuli la chuma linalozunguka na tairi, drumu linachemka na kutanuka, linazidi kuzikimbia shuu. Kama breki hazikusetiwa vizuri tangu gereji, nafasi iliyobaki ya kukamata inaisha hapo. Shuu zikishaungua zinateleza badala ya kushika. Dereva anaona gari halipungui, anakanyaga, anaachia, anakanyaga. Kila akikanyaga, upepo unaoendesha breki unatoka kwenye tangi haraka kuliko kompresa inavyojaza, kwa sababu gia imetolewa na injini iko sailensa, inazunguka polepole tu. Upepo ukishuka sana spring zinafunga breki zenyewe, ila zinafungia drumu lilelile lililoungua. Akitaka kurudisha gia, haiingii, spidi imeshapita uwezo wake. Mbele kuna Noah imejaa, bajaji mbili na mama anavusha mtoto.

Dawa yake kila dereva wa masafa anaijua. Simama juu kabla ya mlima, angalia breki na upepo, ingiza gia ya chini ukiwa bado juu, tumia breki ya injini, kanyaga kwa nguvu kidogo kisha achia ipoe badala ya kuegemea pedali mteremko mzima. Tatizo ni nani anamlazimisha, na gari limekaguliwa wapi mara ya mwisho.

Lori hilo limetoka bandarini Dar linakwenda Zambia au Kongo. Dereva anaweza kuwa wa Tanga, tajiri wa Dar, mzigo wa Lubumbashi. Kinachoingia kwenye jedwali ni "Mbeya", na wengi wanaozikwa ni watu wa Mbeya waliokuwa kwenye daladala. Halafu mtu anakuja hapa kuandika "Wanyakyusa na ubishi wao". Mbeya Mjini ilikuwa na mbunge wa upinzani kuanzia 2010 hadi 2020, ikaja ya CCM, na mbunge huyo akawa Spika 2022. Mteremko wa Iwambi haukulala hata nyuzi moja kwa sababu ya kura.

Hata safu ya "chanzo cha ajali" ichunguzeni. Askari mmoja, barabarani, anatakiwa kujaza chanzo kimoja. Kwa hiyo lori nililolieleza hapo juu litaandikwa "mwendokasi" au "uzembe wa dereva", mara chache "ubovu wa gari", na kamwe hutaona "mteremko mrefu usio na njia ya kutorokea katikati ya makazi". Ukijumlisha fomu hizo nchi nzima unapata kile mnachopenda kunukuu, kwamba makosa ya kibinadamu ndiyo kila kitu. Lazima iwe hivyo, ndicho kisanduku kilichopo kwenye fomu.

Nako kuna siasa, sijakataa. Ila mnaitafuta kwenye sanduku la kura la mkoa wakati iko Dodoma. Barabara kuu ni za TANROADS, serikali kuu. Za wilaya na mitaa ni za TARURA tangu 2017, nayo serikali kuu. Trafiki yuko chini ya Mambo ya Ndani, mabasi yako chini ya LATRA, mdhibiti wa usafiri wa nchi kavu, leseni inatolewa na TRA, mamlaka ya mapato. Diwani wako anaweza nini? Stendi, vijiwe vya boda, wamachinga waliojaza bega la barabara mpaka mwenda kwa miguu anatembea kwenye lami. Hapo mbane, ni haki yako. Lakini faini ya boda na bajaji ilipopunguzwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwenye bajeti ya 2021, ilipunguzwa kwa kalamu moja kwa mikoa yote. Ukitaka kupima siasa na usalama barabarani, pima uamuzi kama huo.

Na safu ya "makosa yaliyokamatwa" inaonyesha tochi, kile kipima mwendo cha trafiki, ilisimama wapi. Mkoa wenye askari wengi barabara kuu utakuwa na makosa mengi. Mkoa usio na tochi una malaika.

Majirani hawajapona ugonjwa huu. Nairobi inaongoza orodha ya vifo Kenya mwaka baada ya mwaka, na ina watu 4,397,073 kwa sensa ya 2019. Ulitaka Lamu iongoze? Nakuru nayo inatajwa sana, na watu walishaipa kila tafsiri ya kikabila, hali pale kwenye miteremko ya Salgaa na Sachangwan malori yalikuwa yakishuka gia imetolewa, yaleyale ya Iwambi. Baada ya ajali ya Migaa, barabara hiyohiyo, ya 31 Desemba 2017 ndipo zikajengwa njia zilizotenganishwa. Yaliyotenganishwa ni magari yanayopanda na yanayoshuka, siyo wapiga kura.

Wamarekani wanabishana hivihivi, majimbo mekundu na ya buluu. Mwaka 2021 South Carolina ilikuwa na vifo 2.08 kwa kila maili milioni 100 zilizoendeshwa, Massachusetts 0.71. Tofauti wenzetu wanagawa kwa umbali ulioendeshwa, na mfumo wao wa FARS, unaokusanya ajali za vifo tangu 1975, una msimbo wa posta wa anapoishi dereva. Anayetaka kuwasema wakazi wa jimbo ana pa kuanzia. Sisi tuna jina la mkoa na hasira.

Nyongeza, baada ya kusoma majibu hapa chini:

Mkuu uliyeuliza safu gani ziongezwe: wilaya anayoishi dereva, aina ya chombo, barabara ni ya TANROADS au TARURA, kilometa kamili ya eneo, saa, na kama majeruhi alikuwa hai siku ya 30. Sita tu. Mengi ya haya askari anayaandika tayari kwenye ramani ya ajali na maelezo ya mashahidi. Yanafia kwenye jalada, hayafiki kwenye jedwali linalotangazwa.

Aliyesema Kibaha wanaendesha vibaya kuliko Kibamba: barabara ni ileile, njia nane kutoka Kimara, magari ni yaleyale, na dereva akivuka mpaka wa Dar na Pwani hapati akili mpya. Weka ajali kwa kilometa, ondoa mpaka wa mkoa, kisha angalia zinajikusanya wapi. Anza na vituo vya daladala ambavyo daraja la waenda kwa miguu liko mbali kuliko mtu aliyebeba ndoo anavyoweza kuzunguka.

Na wewe uliyeandika "tuletee data basi": jedwali la kabla na baada ya Songwe kutengwa unalo, uliliweka mwenyewe hapa. Jumlisha Mbeya na Songwe kwanza, halafu rudi.