Hilux 3L ya dizeli inavuja oili kwenye sampo

Swali: Wakuu, Hilux ya injini ya 3L, 4x4. Kila asubuhi matone chini ya sampo (bakuli la oili chini ya injini). Nimekaza bolti zote, ndiyo kwanza inazidi. Ninunue gasketi?

Jibu: Acha kukaza, mkuu. Bati la sampo likizidiwa hupinda kuzunguka matundu ya bolti, na oili hupenya hapo hapo. Kwanza osha injini, ikauke, nyunyiza poda ya watoto, iache ingurume dakika 15, halafu mulika tochi. Oili hushuka: tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini) au swichi ya presha ya oili ikivuja, sampo husingiziwa. Ukiona inadondoka pale injini inapokutana na giaboksi, shuku sili ya nyuma ya krenki (shafti kuu ya injini).

Jibu: Gasketi ya nini? Sampo hiyo inafungwa kwa silikoni (gundi ya kuzibia). Fungua sampo, ilaze juu ya kioo uone kingo zilipopinda, zinyooshe kwa nyundo ndogo. Kwangua silikoni yote ya zamani, futa kwa thina mpaka kitambaa kitoke cheupe. Pakibaki mafuta haishiki. Paka uzi mmoja wa silikoni wa mm 3 hadi 5, upite upande wa ndani wa matundu, ufunge ndani ya dakika 5. Silikoni ikiwa nyingi mno, hukamulikia ndani, hukatika na kuziba chujio la pampu. Oili utie baada ya saa 24.

Jibu: Kwa 4x4, difu ya mbele (giaboksi ya ekseli) inabana sampo. Usiichomoe sampo kwa nguvu, wala usiirudishe hivyo. Utaifuta silikoni mbichi uliyopaka. Shusha difu kwanza. Na badilisha washa (ringi ya kuzibia) ya nati ya kumwagia oili.