Tupeane uzoefu: ujumbe usiofika kwa mdomo peke yake

Makanga wa Kondele:
Wadau, hamjambo? Kituoni napaza sauti "Kondele! Kondele!", lakini gari likishaondoka sauti yangu haiwezi kushindana na injini na muziki. Nagonga bodi mara moja, dereva anasimama; mara mbili, anaondoa gari. Abiria wa mbele ya barabara namwonyesha kwa vidole nafasi zimebaki ngapi. Gari linalokuja likituwashia taa, tunajua huko mbele kuna jambo. Ninyi je? Leteni ya kwenu.

Mama wa Mbale:
Kijana wangu wa pili ni kiziwi. Kabla hajaanza shule, yeye na nyanyake walikuwa na ishara zao: kugusa paji la uso ni baba, kwa sababu ya kofia yake. Shuleni akajifunza Lugha ya Ishara ya Kenya, nami nikamfuata. Kazi kubwa haikuwa mikono, ilikuwa uso. Ishara ni zile zile, lakini ukiinua nyusi zinakuwa swali. Mtu akimtolea ishara uso umekauka, mwanangu humkodolea macho tu, anasubiri amalize.

Wakati wa korona tulienda kliniki moja. Muuguzi amevaa barakoa, nusu ya uso haionekani, na mtoto akaanza kulia. Nikachora sindano na mkono kwenye karatasi, nikamwonyesha kidole kimoja: mara moja tu. Akatoa mkono mwenyewe. Katiba ya 2010, Kifungu cha 120, inaitaja lugha hii kuwa rasmi Bungeni pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Mimi nataka ifike hadi kwenye dirisha la kliniki.

Nyar Siaya:
Uliza njia kijijini kwetu! Mzee hainui mkono. Anachongoa midomo kuelekea huko na kusema "kuleeee". Sauti ikivutwa sana, jua una safari.

Mwana wa Shinyalu:
Kwetu ni isukuti, ngoma yetu ya asili. Ngoma tatu, pembe, manyanga na miili inayocheza, vyote vinasema pamoja, harusini na hata matangani. Rekodi ya sauti hainitoshi. Nisipoona mabega, nimepata nusu. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, na naunga mkono kabisa. Wafundisheni watoto kupiga na kucheza, si kusikiliza tu.

Mwalimu, Nakuru:
Mamangu akiandika "niko sawa" sipati chochote. Akinitumia sauti, nasikia anavyovuta pumzi, najua kama presha imepanda.

Makanga wa Kondele:
Mama wa Mbale, asante sana. Kuna vijana viziwi wanaopanda gari letu jioni. Nifanyeje wasipitishwe kituo?

Mama wa Mbale:
Akipanda, mwombe akuandikie jina la kituo kwenye simu. Mkikaribia, mguse begani taratibu, ngoja akutazame usoni, ndipo umwonyeshe. Na uwashe taa ya ndani, mwanangu. Gari likiwa na giza haoni mikono wala uso.