Wakuu, nimepewa kazi ya mfumo ambao hata wasioona wautumie wenyewe. Nianzie kujifunza wapi?

Fundi_Kizota:
Habari za jioni wakuu. Mimi ni fundi wa tovuti, mwaka wa 6 sasa naishi kwa kazi hii. Kuna SACCOS ya walimu huku mkoani nawatengenezea tovuti na programu ya simu: kuangalia salio, kuomba mkopo, kufuatilia marejesho. Sharti lao moja limenikaba koo. Wanachama wenye ulemavu nao watumie bila kushikwa mkono. Wapo wasioona, wapo viziwi, na yupo mwalimu mmoja ambaye mikono yake haiwezi kushika kipanya. Chuoni tulifundishwa rangi na mpangilio, hiki hakuna aliyekigusa. Nimeona kozi mbili, moja ya kulipia kwa dola na nyingine ya bure. Nianze na ipi? Nina wiki 3 na usingizi sipati.

Ngosha_wa_Igoma:
Mkuu, mimi wateja wangu wanaona vizuri kabisa na bado wananipigia saa 5 usiku kuuliza kitufe cha kuingia kiko wapi. Umechaji shilingi ngapi kwanza?

Mama_Wawili:
Ubarikiwe kwa kujali, mwanangu. Mama yangu ana mtoto wa jicho. Benki yake ilibadilisha programu ya simu, maandishi yakawa ya kijivu juu ya nyeupe, eti ndiyo kisasa. Kila mwisho wa mwezi ananipa simu nimsomee salio lake. Yule mama alinilea kwa kuuza vitumbua na alikuwa hamwambii mtu hesabu yake, hata baba. Leo hesabu yake naijua mimi, na mume wangu akiwa sebuleni anaisikia. Anaona aibu, na mimi naona aibu kuisoma.

Dada_Msimbo:
Pole Mama Wawili. Hilo la kijivu lina kipimo chake: maandishi ya kawaida yawe na tofauti ya mwangaza ya 4.5 kwa 1 na rangi ya nyuma yake.

Fundi, anza na kozi ya bure. W3C wenyewe, shirika la viwango vya tovuti duniani, wanaotunga mwongozo wa tovuti zinazotumika na wenye ulemavu unaoitwa WCAG, wana kozi ya utangulizi kwenye edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, na hailipiwi. Mwongozo ulianza 1999, toleo la 2.0 likaja 2008, la 2.2 likatoka 2023. Mwongozo huo una ngazi 3: A ya chini, AA ya kati na AAA ya juu. Lakini kozi si tatizo lako la kwanza. Mfumo uko hatua gani, na umeahidi nini kwa maandishi?

Fundi_Kizota:
Asante dada. Uko hatua nzuri tu. Halafu nimeshaweka kile kitufe cha pembeni chenye alama ya mtu. Ukibonyeza kinakuza herufi, kinabadilisha rangi, kinasoma kwa sauti. Nimekilipia mwaka mzima. Nadhani kwa sehemu kubwa kimemaliza kazi, nataka tu kujazia maarifa.

Dada_Msimbo:
Hakijamaliza. Asiyeona anakuja na kisoma skrini chake tayari, yaani programu inayomsomea kwa sauti kilichopo kwenye skrini: TalkBack kwenye Android, NVDA au JAWS kwenye kompyuta. Sauti yako ya pembeni haimsaidii, wakati mwingine inagongana na ya kwake. Marekani mwaka 2025 kampuni moja inayouza vitufe vya namna hiyo ilitakiwa kulipa dola milioni 1 kwa kudai kwamba bidhaa yake inaifanya tovuti yoyote itimize WCAG. Na swali langu hujalijibu. Umesaini nini?

Kaka_Sheria:
Niongezee. Wapo wanaodhani haya ni mambo ya Wazungu. Tanzania tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na mwaka mmoja kabla yake tuliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao ibara ya 9 inataja wazi habari na mawasiliano, intaneti ikiwemo. Wenzetu Kenya wana sheria mpya ya 2025. Nilipokuwa mwaka wa 3 niliandika tasnifu kuhusu ngazi za kupandia kwenye majengo ya mahakama, msimamizi wangu akaniambia…

Ngosha_wa_Igoma:
Kaka, tasnifu tutaisoma Jumapili. Mwacheni mtu ajibu.

Fundi_Kizota:
Sawa. Nilisaini kwamba mfumo umefikia AA. Mfadhili wa SACCOS ndiye aliyetaka hiyo ngazi itajwe. Nusu ya hela nimeshapokea, hizo wiki 3 ni za kukabidhi rasmi. Na mfumo uko hewani tangu mwezi uliopita.

Kuna jambo sikuandika. Mwalimu mmoja asiyeona alijaribu kuingia, akakwama kwenye zile picha za kuthibitisha kwamba wewe si roboti. Akamwita kijana wa jirani amsaidie, akamtajia nywila. Baada ya siku 2, shilingi 180,000 hazipo. Wazazi wa kijana wamekubali kulipa, nusu imesharudi. Kwa hiyo sioni kama kosa ni la mfumo moja kwa moja. Nywila hapewi mtu, hilo tumeliandika kwenye ukurasa wa kwanza. Na Lighthouse, kile chombo cha Google cha kupima tovuti, ilinipa 96 kwa 100.

Mzee_Kijiweni:
Hii chai. Tena imewekwa tangawizi. SACCOS ya walimu mkoani inajua AA ni nini? Mimi ni mjumbe wa bodi ya SACCOS mwaka wa 9, tumegombania hata kununua printa. Na wewe miezi 2 iliyopita ulikuwa humu ndani unauza simu za mtumba. Leo umekuwa mhandisi?

Ngosha_wa_Igoma:
Nilihisi. Wiki 3, mwalimu kaibiwa, mfadhili… Imekamilika mno. Weka kiungo cha mfumo tuone.

Fundi_Kizota:
Siwezi kuweka kiungo, mtajua ni SACCOS gani na yule mwalimu atajulikana. Simu nilikuwa nauza zangu 2 nipate hela ya kulipia kile kitufe. Aminini msiamini.

Mama_Wawili:
Hata kama ni chai, yangu si chai. Mama yangu yupo hapa ananisikiliza nikiandika.

Sikio_Kali:
Mimi sioni tangu utotoni. Nukta nundu nilijifunza shule ya wasioona Buigiri, kompyuta nilijifunza ukubwani, na uzi huu nausikiliza kwa NVDA. Sihitaji kiungo. Fundi, shusha NVDA, ni ya bure. Kwenye mipangilio chagua sauti ya eSpeak, ina Kiswahili. Zima mwanga wa skrini, weka kipanya kabatini, ufungue ukurasa wako kwa Tab na Enter peke yake. Uombe mkopo mpaka mwisho. Kisha njoo utuambie ulichosikia, neno kwa neno. Mtunga hadithi hawezi kulibuni hilo.

Fundi_Kizota:
(siku ya pili)
Nimefanya. Nilianza saa 3 usiku, nimekoma saa 8.

Kitu cha kwanza, Kiswahili kilisomwa kwa lafudhi ya Kiingereza. Neno "Salio" sikulitambua, na nililiandika mwenyewe. Kumbe kiolezo nilichotumia kilikuwa kimetangaza lugha ya ukurasa kuwa Kiingereza, sikubadilisha. Nikaweka lang="sw", kikaanza kusema kama mtu. Pili, menyu ilisema "kitufe, kitufe, kitufe, kitufe". Vinne, havina majina, kwa sababu niliweka alama tupu. Pa kuomba mkopo Tab ilipita kama hapapo. Nilikuwa nimechora kisanduku nikakipaka rangi kifanane na kitufe. Kiasi cha mkopo unakivuta kwa kidole, kwa kibodi hakisogei. Nilipokosea tarehe, sehemu ikawa nyekundu, NVDA ikanyamaza. Nilirudia mara 5 bila kujua nimekosa wapi.

Zile picha sikupita. Saa 7 usiku nilitaka kumwamsha mke wangu anisaidie.

Sikio_Kali:
Sasa nimekuamini.

Picha ziondoe leo, usisubiri wiki 3. Lazima kuwe na njia ya kuingia isiyodai macho. Visanduku vya rangi vifanye vitufe halisi. Kila sehemu ya kujaza iwe na jina lake la kudumu, siyo maandishi hafifu ndani yanayofutika ukianza kuandika. Kosa litajwe kwa maneno. Kiasi cha mkopo kiandikwe kwa tarakimu, hapo na mwalimu wa mikono umemfikia. Na viziwi umewawekea nini?

Fundi_Kizota:
Video ya maelekezo, na namba ya huduma kwa wateja.

Dada_Msimbo:
Video ina manukuu? Na kiziwi apige simu aongee na nani? Weka namba ya ujumbe wa maandishi. Video ongeza mkalimani wa Lugha ya Alama, maana wapo ambao Kiswahili cha maandishi kwao ni lugha ya pili.

Fundi_Kizota:
Yote nimeandika. Ila kile kitufe cha pembeni nakiacha kwa sasa, nimekilipia. Na nikimwambia mwenyekiti kwamba AA niliyosaini haipo, watadai hela yao. Nina ada za watoto Januari.

Kaka_Sheria:
Ukikaa kimya na tatizo unalijua, ndugu yangu, hesabu inakuwa nyingine kabisa. Jana ulikuwa hujui.

Mzee_Kijiweni:
Mimi niliyesema chai narudi kama mjumbe wa bodi. Fundi akija mwenyewe kabla hajakamatwa, sisi huwa tunamwongezea muda. Akisubiri tugundue, tunamleta na wakili. Nenda.

Fundi_Kizota:
Nimempigia mwenyekiti sasa hivi. Alikaa kimya muda mrefu, nikadhani simu imekatika. Amesema nifike Jumatatu saa 4, na yule mwalimu atakuwepo. Wakuu, yule mwalimu nitamwambia nini?

Sikio_Kali:
Msalimie, mwombe radhi, halafu mkabidhi simu ajaribu huku umenyamaza. Usimwoneshe pa kubonyeza. Na kabla ya Jumatatu mpigie umuulize anatumia simu gani, ujaribu kwenye aina hiyo hiyo.