Mrejesho: Ile Hilux ya zamani imepata mwenyewe

Wakuu, niliwauliza kama pikapu yangu ya Toyota Hilux (modeli LN106, injini ya dizeli aina ya 3L) niiuze kwa dalali au nitafute mteja mwenyewe. Imeondoka bila dalali. Kaichukua mzee mmoja wa Hombolo, Dodoma, mkulima wa zabibu. Alilala chini na tochi, akagonga chesesi akitafuta kutu, kisha akafunga habu za mbele mwenyewe (ili magurudumu ya mbele nayo yavute) tukavuka korongo la mchanga. Ubishi wa bei ulimalizwa na daftari la sevisi na risiti za vipuri. (Kijana aliyemtangulia alitaka kunilalia, eti gari la kizamani!) Mkataba tumesaini kwa wakili, kubadilisha jina la mmiliki TRA (mamlaka ya mapato) kunaendelea. Mlionizuia kupiga rangi upya, asanteni: mzee anasema rangi mpya ingemtia wasiwasi.