Naomba ushauri: skeli nazijua, wimbo wa roki hautoki

Ndugu zangu, asalaam aleikum. Niko Lamu, mtaa wa Langoni, na huu ni mwaka wangu wa 2 na gita. Skeli (ngazi ya noti) ya pentatoniki, yaani ya noti 5, ya E maina (E, G, A, B, D) naipiga nimefumba macho. Kodi (noti zinazopigwa kwa pamoja) za Em (E maina), C, G na D mkono umeshazizoea. Shida ni kutunga. Vidole vinazunguka palepale, ubeti na kiitikio havitofautiani hata kidogo.

Mimi nimelelewa na udi na taarabu, sikio langu linapenda Hijazi, ile skeli ya muziki wa Kiarabu: E, F, kisha ule mruko hadi G shapu (G iliyopandishwa nusu toni). Jana usiku barazani nilipiga kodi ya noti 2 tu, E na B, nikaweka Hijazi juu yake. Nywele zilinisimama! Lakini ifuate kodi gani? F? A maina? Nikienda G ya kawaida inagombana na ile G shapu.

Mliokwisha kutunga, mwaanza na kodi au na sauti ya kuimba? Na nyuzi mwazitunzaje? Huku pwani chumvi inazitia kutu upesi mno.