Tovuti za kuhifadhi picha na mafaili bila malipo hupata wapi fedha?

Mpigapicha wa Mwanjelwa

Ndugu wanajukwaa, habari za majukumu. Mimi ni mpiga picha wa harusi na sendofu hapa Mwanjelwa, Mbeya. Kwa miaka mitatu sasa nimekuwa nikipakia picha za wateja katika tovuti moja ya bure na kuwatumia kiungo, ili kila mwanafamilia apakue mwenyewe, awe Tukuyu, Mafinga au Dar es Salaam. Sijawahi kulipa hata shilingi mia. Wiki iliyopita mama wa bibi harusi mmoja alinipigia simu kutoka Mafinga. Alikuwa amebonyeza kitufe kikubwa cha kijani kilichoandikwa "Pakua", na badala ya picha za mwanawe ukafunguka ukurasa wa kamari, kisha simu ikamtaka aruhusu programu asiyoijua. Niliona aibu, kwa kuwa kiungo kile alikipata kwangu.

Tangu siku hiyo najiuliza jambo moja. Mashine zinazotunza picha zangu zimenunuliwa, zinakula umeme usiku na mchana, na intaneti ya kuzifikisha kwa watu inalipiwa. Nani analipa, naye anapata nini? Naomba maelezo ya mtu anayeijua kazi hii.

Fundi Seva, Iringa

Ndugu Mpigapicha, mpe pole mama yule. Nimehudumia seva, yaani hizo mashine zinazotunza mafaili, kwa muda mrefu, nami naomba nianze na gharama, kwa sababu wengi hudhani kinachokula fedha ni kutunza, kumbe ni kusafirisha. Chukua harusi moja yenye picha 400 za megabaiti 8 kila moja, yaani gigabaiti 3.2. Kwa bei ya kawaida ambayo Amazon, kampuni inayokodisha seva, imekuwa ikitoza kwa seva zake za Marekani, kutunza gigabaiti moja ni takriban senti 2.3 za dola kwa mwezi, hivyo harusi nzima haifikishi senti 8. Lakini ndugu 60 wakizipakua zote, zimetoka gigabaiti 192, na kila gigabaiti inayotoka hutozwa takriban senti 9, yaani dola 17 na ushei kwa harusi moja tu. Tovuti kubwa hupata bei nafuu kuliko hiyo, ila bado mzigo uko kwenye kupakua. Upande wa kutunza wana njia za kubana matumizi: shangazi wawili wakipakia video ileile, mfumo huitambua kwa alama yake na kubaki na nakala moja.

Sasa mapato. Kitufe kile cha kijani hakikuwa cha tovuti. Kilikuwa tangazo lililochorwa lifanane na kitufe. Mwenye tovuti huuza nafasi za ukurasa kupitia mawakala wa matangazo, akilipwa kwa idadi ya wanaotazama au wanaobonyeza. Kampuni zenye heshima huogopa kutangaza mahali ambapo mtu yeyote anaweza kupakia chochote, na mtazamaji wa Mafinga huleta fedha kidogo kuliko wa Marekani, kwa hiyo nafasi hizo huangukia mikononi mwa watu wa kamari na wa programu za hila. Mama yule hakukosea kwa uzembe. Alitegwa, na aliyemtega alilipia nafasi hiyo.

Mwalimu wa Tehama, Njombe

Naunga mkono maelezo ya Fundi na kuongeza njia ya pili, ambayo ni kuuza subira. Unaposubiri sekunde 60 zihesabiwe, kisha faili lishuke kwa mwendo wa kobe, mara nyingi seva haijazidiwa; imeamriwa ikucheleweshe ili uchoke na ulipie akaunti ya haraka. Wapo wanaofanya biashara hiyo kwa uwazi zaidi: Dropbox, iliyoanzishwa mwaka 2007, hutoa gigabaiti 2 bure, na wachache wanaolipa ndio wanaowabeba wengi wasiolipa.

Njia ya tatu sipendi wanafunzi wangu waione kuwa ujanja. Baadhi ya tovuti ziliwalipa waliopakia mafaili yaliyopakuliwa sana, na kinachopakuliwa sana kwa kawaida ni filamu na muziki wa watu wengine. Mpango wa namna hiyo ulitajwa katika mashtaka ya Marekani dhidi ya Megaupload, tovuti ya kuhifadhi mafaili iliyofungwa Januari 2012. Waliokuwa wamehifadhi kazi zao halali mle ndani walifungiwa nje pamoja na wengine.

Mpigapicha wa Mwanjelwa

Asanteni sana. Nimebaki na swali moja. Zipo tovuti za picha ambazo hazina kusubiri wala kitufe: ukibandika kiungo chake mahali pengine, picha hutokea yenyewe bila tangazo lolote. Hao nao wanakula wapi?

Dada Ugani, Rungwe

Kaka Mpigapicha, hapo umegusa kidonda changu. Picha inayotokea kwenye ukurasa wa mwingine humgharimu mwenye tovuti usafirishaji uleule aliousema Fundi, na haimpi tangazo hata moja. Biashara hiyo huishi kwa fedha za wawekezaji na kwa matumaini kwamba baadhi ya watazamaji watahamia kwenye tovuti yenyewe. Imgur ilianza mwaka 2009 ikitegemea michango, ikapokea dola milioni 40 za wawekezaji mwaka 2014, ikauzwa kwa MediaLab mwaka 2021, na mwaka 2023 ikatangaza kufuta picha za zamani zisizotazamwa na zisizo na akaunti. Photobucket ilikuwa kali zaidi: mwaka 2017 iliwataka waliobandika picha zake kwenye kurasa nyingine walipe dola 399 kwa mwaka, karibu shilingi laki tisa za wakati ule, na mahali pa picha zao pakabaki kibao cha kuwataka walipe.

Mimi yalinikuta kwenye tovuti nyingine. Nilikuwa nimepiga picha za majani ya viazi mviringo yaliyoshambuliwa na magonjwa, hatua kwa hatua, kwa misimu miwili, na wakulima wa Isongole walikuwa wakizifungua kwenye simu kulinganisha na mashamba yao. Asubuhi moja mkulima akaniambia anaona visanduku vyeupe tu. Sikuwa na nakala. Misimu ile miwili siwezi kuirudisha, na bado naumia nikipita kwenye lile shamba.

Fundi Seva, Iringa

Pole sana, dada. Kila tangazo likipungua thamani, hatua ya kwanza ya mwenye tovuti ni kufuta kisichotazamwa, na ya pili ni kufunga. Zippyshare, tovuti ya mafaili ya bure, ilifunga mwaka 2023, baada ya miaka 17 hivi, ikitaja vizuia-matangazo na kupanda kwa bei ya umeme. Ndugu Mpigapicha, fungua ukurasa wa tovuti yako ukitumia simu ya mtu mwingine, usome masharti ya muda wa kutunza, kisha utafute mahali palipoandikwa bei. Usipoona bei popote, ujue huenda mapato yao mengi yanatoka kwenye vitufe kama kile cha kijani.

Mpigapicha wa Mwanjelwa

Nimefanya hivyo jioni hii. Hakuna bei, na masharti yanasema faili lisilofunguliwa kwa siku 60 linaweza kufutwa. Zaidi ya nusu ya harusi nilizopakia zimeshapita muda huo. Kesho nazihamishia zilizobaki kwenye diski mbili, moja ya studio na moja ya nyumbani, na kuanzia mwezi ujao gharama ya akaunti ya kulipia itaingia kwenye bei ya albamu. Jumamosi napanda basi kwenda Mafinga na flashi yenye picha za yule mama, nikaikague na simu yake.