Naomba ushauri: alama ya = ndani ya sharti la while kwenye lugha ya C

Wakuu, salamu kutoka Mtwara. Programu inasoma faili la uzito wa magunia ya korosho, herufi moja moja kwa fgetc, hadi EOF (alama ya mwisho wa faili):

while ((c = fgetc(f)) != EOF)

Mabano ya ndani ni lazima. Yakiondolewa, ulinganisho wa != (si sawa na) hufanyika kwanza na c hupata 1 au 0 badala ya herufi. Tena c iwe int (aina ya namba kamili). Ikiwa char (aina ya baiti moja), baiti 0xFF (yaani 255) yaweza kudhaniwa EOF na usomaji ukakatika mapema. Kwenye mashine ambazo char haibebi namba hasi, kitanzi hakiishi kabisa, na hilo ndilo baya zaidi.

Kwa vijana wanaoanza, mnashauri mtindo huu au for (;;) (kitanzi kisicho na sharti) yenye break ya kutokea? Na -Wall (chaguo la kompaila la kuonyesha maonyo) hulalamikia while (c = 5), ambapo == ilikusudiwa, lakini mabano yakirudufiwa hunyamaza. Mnalinasaje kosa hilo?